Jinsi ya Kufuatilia Msimu Mzima wa BWF World Tour: Mwongozo Kamili kwa Mpenzi wa Vinyoya

Kila Januari yanatokea yale yale. Mtu anaanza na Malaysia Open, shindano la vinyoya (badminton), kwa hamu, anashika majina mawili matatu, na kufika Machi ameshapotea. Aliyechukua kombe hajapanda hata nafasi moja kwenye orodha ya ubora wa dunia. Aliyefungwa robo fainali amepanda. Fainali aliyopanga kuitazama jioni ilichezwa asubuhi akiwa kwenye daladala.

Wengi hukosea pale pale: wanafuatilia makombe. Msimu wa vinyoya vya kulipwa unaendeshwa na pointi zinazoingia na pointi zinazotoka, na zinazotoka ndizo hakuna anayeziangalia. Hapa chini nimetumia msimu wa 2024 kama uwanja wa mazoezi, kwa sababu umekwisha na matokeo yake yote yako wazi. Ukiuelewa huo, msimu wowote mwingine utausoma bila kubabaika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari la mistari au jedwali la Excel. Daftari linatosha kabisa.
- Kalenda ya mwaka mzima, ya ukutani au ya simu.
- Tovuti ya Shirikisho la Dunia la Badminton (BWF), inayoweka kalenda, droo (mpangilio wa nani anakutana na nani), ratiba za siku na orodha ya ubora.
- Chaneli ya BWF ya YouTube kwa muhtasari wa mechi. Mechi za moja kwa moja hutegemea nani ana haki za matangazo nchini kwako, kwa hiyo jaribu kabla ya siku ya fainali.
- Bando la kutosha wikendi. Ijumaa hadi Jumapili ndipo utakapolitumia.
- Wachezaji watano au sita tu uliowachagua. Usianze na hamsini.

Kuna mashindano ya aina tano: mmoja mmoja wanaume, mmoja mmoja wanawake, wawili wawili wanaume, wawili wawili wanawake, na mchanganyiko. Mwaka wa kwanza chagua aina moja, au mbili ukiwa na muda. Anayetaka zote tano kwa mpigo huwa ameacha kabla ya Aprili.

## Hatua ya 1: Nakili jedwali la pointi

BWF World Tour, yaani ziara ya dunia ya vinyoya, ilianza mwaka 2018, na mashindano yake yamepangwa kwa ngazi: Super 1000, Super 750, Super 500 na Super 300. Juu yake kuna World Tour Finals ya Desemba. Chini yake kuna Super 100, na chini zaidi mashindano ya daraja la tatu, ambako yapo yale ya Kampala na Nairobi.

Andika haya ndani ya jalada la daftari:

| Ngazi | Bingwa | Wa pili | Nusu fainali | Robo fainali | 16 bora | Raundi ya kwanza |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Super 1000 | 12,000 | 10,200 | 8,400 | 6,600 | 4,800 | 3,000 |
| Super 750 | 11,000 | 9,350 | 7,700 | 6,050 | 4,320 | 2,660 |
| Super 500 | 9,200 | 7,800 | 6,420 | 5,040 | 3,600 | 2,220 |
| Super 300 | 7,000 | 5,950 | 4,900 | 3,850 | 2,750 | 1,670 |

Ubingwa wa dunia na Olimpiki humpa mshindi 13,000, lakini hayo si sehemu ya ziara. Tutayarudia kwenye hatua ya sita.

Kwa nini uandike kwa mkono? Kwa sababu jedwali hili peke yake linajibu nusu ya maswali. Aliyefungwa fainali ya Super 1000 anaondoka na 10,200, bingwa wa Super 500 anaondoka na 9,200. Aliyetolewa raundi ya kwanza ya Super 1000 (3,000) amevuna kuliko aliyefika 16 bora ya Super 300 (2,750). Ndiyo maana nyota wakubwa ni nadra kuwaona Super 300. Hawana kikubwa cha kuchuma huko.

Onyo: majina yanafanana mno. China Open ni Super 1000, China Masters ni Super 750. Malaysia Open ni Super 1000, Malaysia Masters ni Super 500. Indonesia nayo vivyo hivyo. Majina ya wadhamini nayo hutangulia na kubadilika mwaka hadi mwaka. Usiamini neno “Masters”, angalia namba inayofuata neno Super.

Umefaulu kama: mtu akikutajia “robo fainali ya Super 750” unasema 6,050 bila kufungua daftari.

## Hatua ya 2: Weka nguzo za mwaka kwenye kalenda

Usijaze mashindano yote. Weka makubwa kumi pamoja na fainali za mwisho wa mwaka, mengine utayapachika yakikaribia. Mwaka 2024 yalikuwa hivi:

- Malaysia Open, Kuala Lumpur, 9–14 Januari (1000)
- India Open, New Delhi, 16–21 Januari (750)
- French Open, Paris, 5–10 Machi (750)
- All England, Birmingham, 12–17 Machi (1000)
- Singapore Open, 28 Mei–2 Juni (750)
- Indonesia Open, Jakarta, 4–9 Juni (1000)
- Japan Open, Yokohama, 20–25 Agosti (750)
- China Open, Changzhou, 17–22 Septemba (1000)
- Denmark Open, Odense, 15–20 Oktoba (750)
- China Masters, Shenzhen, 19–24 Novemba (750)
- World Tour Finals, Hangzhou, 11–15 Desemba

Tazama zinavyokuja mbili mbili: wiki hii Kuala Lumpur, ijayo New Delhi, wiki hii Paris, ijayo Birmingham. Mchezaji aliyefika fainali Jumapili anapanda ndege usiku na Jumanne au Jumatano yuko uwanjani nchi nyingine. Bingwa wa wiki ya kwanza akitolewa mapema wiki ya pili, usikimbilie kusema ameshuka kiwango. Angalia kwanza alilala wapi juzi.

Makubwa haya kumi hayana hiari kwa walio juu. Kwa kanuni za kipindi hicho, wachezaji 15 wa kwanza wa mmoja mmoja na jozi 10 za kwanza hulazimika kucheza Super 1000 zote nne, Super 750 zote sita na angalau Super 500 mbili. Asiyefika bila sababu inayokubalika hutozwa faini ya dola 5,000. Kwa hiyo ukikosa jina kubwa kwenye orodha, mara nyingi ni jeraha.

Onyo: usinakili kalenda ya mwaka jana. French Open kwa kawaida huchezwa Oktoba baada ya Denmark. Mwaka 2024 ililetwa Machi kwa sababu ukumbi wake wa Porte de la Chapelle ulikuwa unajaribiwa kwa ajili ya Olimpiki. Mwaka 2025 ikarudi Oktoba.

## Hatua ya 3: Geuza saa mara moja, uandike saa zetu

Hapa ndipo fainali nyingi hupotea. Ratiba hutoka kwa saa za mji wenyeji. Kwa aliye Dar es Salaam, Nairobi au Kampala:

- Kuala Lumpur, Singapore na China: toa saa 5
- Jakarta na Bangkok: toa saa 4
- Japani na Korea Kusini: toa saa 6
- New Delhi: toa saa 2 na nusu
- Paris mwanzoni mwa Machi: ongeza saa 2
- Birmingham katikati ya Machi: ongeza saa 3
- Odense katikati ya Oktoba: ongeza saa 1, kwa kuwa Ulaya bado wako kwenye saa za kiangazi
- Calgary, Canada Open ya Julai 2024: ongeza saa 9

Aliye Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi apunguze saa moja zaidi kwenye jibu. Aliye Muscat aongeze moja.

Sasa mfano. Fainali Kuala Lumpur zimeandikwa 13:00. Toa 5, unapata 8:00. Hiyo ya kizungu nane kwetu ni saa mbili asubuhi. Andika “saa 2 asubuhi” na ufute kila namba nyingine. Ukiacha 13:00, 8:00 na saa 2 kwenye mstari mmoja, Jumapili utasoma isiyo yako.

Mechi ya Calgary ya 18:00 Jumamosi ni saa tisa usiku kwetu, na tayari ni Jumapili. Tarehe nayo imehama.

Onyo: kwenye ratiba ya siku, mechi yenye saa ya uhakika ni ya kwanza ya kila uwanja. Zinazofuata huanza iliyotangulia ikiisha. Kadiria dakika 50 hivi kwa mechi moja, lakini mechi ya seti tatu ya wawili wawili wanawake inaweza kupita saa moja na nusu bila aibu. Fungua ukurasa wa matokeo ya moja kwa moja kabla hujamaliza bando kwa kusubiri.

Umefaulu kama: mechi tatu mfululizo umezipata zikiwa seti ya kwanza.

## Hatua ya 4: Soma droo kabla kinyoya hakijarushwa

Droo ya kawaida ina nafasi 32. Raundi ya kwanza ni Jumanne na Jumatano, 16 bora Alhamisi, robo Ijumaa, nusu Jumamosi, fainali Jumapili. Kwenye Super 500 na Super 300 kuna mchujo unaotangulia ili kupata wanne wa mwisho.

Wanane wenye viwango vya juu hupewa namba 1 hadi 8 na kutawanywa. Namba 1 hukaa kileleni mwa droo, namba 2 chini kabisa, hivyo hawawezi kukutana kabla ya fainali. Fanya mambo matatu:

1. Tafuta wachezaji wako na uzungushie duara.
2. Kwa kila mmoja, andika atakayekutana naye robo fainali kama wote watashinda.
3. Weka alama kwa mpinzani mgumu asiye na namba aliye karibu naye. Huyo ndiye anayeharibu wiki za watu. Alex Lanier wa Ufaransa, akiwa na miaka 19, alichukua Japan Open ya 2024 mbele ya watu wengi waliotarajiwa kuliko yeye.

Mchezo wenyewe ni seti mbili za ushindi kati ya tatu, pointi 21 kila seti. Ikifika 20-20 lazima upite kwa mbili, mwisho ni 30. Matokeo ya 30-29 si kosa la uchapaji.

Onyo: BWF huandika ukoo kwa herufi kubwa na kutenganisha majina ya Kichina na Kikorea: SHI Yu Qi, AN Se Young. Ukitafuta “Yuqi” kwenye droo unaweza usipate kitu ukadhani hajaja. Tafuta kwa ukoo.

## Hatua ya 5: Andika pointi zinazotoka

Nitakaa hapa muda mrefu, maana hatua hii ndiyo inayobeba mwongozo wote.

Orodha ya ubora wa dunia hujumlisha matokeo 10 bora ya mchezaji ndani ya wiki 52 zilizopita, na hutoka kila Jumanne. Maana yake, pointi alizovuna Malaysia Open mwaka jana zinafika mwisho wa maisha yake Malaysia Open ya mwaka huu inapochezwa. Kabla hajapiga mpira, ameshaanza kudaiwa.

Chora safu tano kwa kila mchezaji wako: shindano, za mwaka jana (zinatoka), za mwaka huu (zinaingia), tofauti, na maelezo.

Tumchukue An Se-young wa Korea Kusini, Januari 2024.

Kuala Lumpur. Mwaka 2023 alifungwa fainali na Akane Yamaguchi: 10,200. Mwaka 2024 akamshinda Tai Tzu-ying kwenye fainali: 12,000. Magazeti yaliandika ubingwa. Daftari linaandika +1,800. Amechukua kombe kubwa kabisa la Januari na faida yake ni ndogo kuliko ya aliyefungwa raundi ya kwanza ambaye mwaka jana hakushiriki.

New Delhi, wiki iliyofuata. Mwaka 2023 alikuwa bingwa: 11,000. Mwaka 2024 aliumia na kujitoa robo fainali dhidi ya Yeo Jia Min: 6,050. Tofauti ya haraka haraka ni −4,950.

Lakini hapo usifunge daftari. Orodha inachukua matokeo kumi tu. Zile 11,000 zikitoka, nafasi inabaki wazi, na kinachoingia ni matokeo bora zaidi kati ya yaliyobaki nje ya kumi. Kwa mchezaji aliyetoka kwenye mwaka wa mataji mengi kama yeye, akiba hiyo yaweza kuwa kubwa kuliko 6,050 za New Delhi. Hizo zikabaki pembeni, na hasara ikawa ndogo kuliko ulivyohesabu. Kwa mchezaji wa nafasi ya 30 asiye na akiba, −4,950 inauma vile vile ilivyoandikwa.

Kwa hiyo sheria ya kazi ni hii: orodhesha matokeo yote ya mchezaji ya wiki 52 kwa mpangilio wa ukubwa, piga mstari chini ya la kumi. Kila wiki futa linalotoka, ingiza jipya mahali pake, jumlisha yaliyo juu ya mstari. Basi. Hakuna siri nyingine.

Jaribu mwenyewe. Li Shifeng wa China alikuwa bingwa wa All England 2023. Mwaka 2024 Jonatan Christie wa Indonesia ndiye aliyeshinda, akimfunga mwenzake Anthony Ginting, na Li hakufika nusu fainali. Anapoteza angalau ngapi kwenye safu ya tofauti? Kubwa kabisa aliloweza kupata ni robo fainali, 6,600. Kwa hiyo −5,400 au zaidi.

Na upande wa pili, tazama namba moja anavyojengwa. Shi Yuqi wa China alifungwa fainali Kuala Lumpur na Anders Antonsen (10,200), kisha akashinda New Delhi, Paris na Singapore (11,000 mara tatu) na Jakarta (12,000). Hizo ni pointi 55,200 kwa mashindano matano tu, kati ya kumi yanayohesabiwa. Alishinda Jakarta Jumapili ya 9 Juni. Jumanne ya tarehe 11 akawa namba moja wa dunia. Aliyekuwa na daftari alilijua hilo tangu Jumapili usiku.

Onyo: usihesabu Jumatatu ukitarajia orodha mpya. Subiri Jumanne, na linganisha na hesabu yako. Ukipishana na orodha, karibu kila mara ni tokeo dogo la Super 300 ulilolisahau.

Kwa wanaofuatilia vijana wetu wa Afrika Mashariki: njia ni hiyo hiyo ila namba ndogo. Daraja la tatu, bingwa wa International Challenge hupata 4,000, International Series 2,500 na Future Series 1,700. Huko chini kombe moja la Future Series linaweza kumpandisha mtu nafasi nyingi, kwa hiyo hesabu zake zina raha kuliko za kileleni.

Umefaulu kama: umetabiri nani atapanda na nani atashuka kati ya watu wako, Jumanne ikakuunga mkono.

## Hatua ya 6: Fungua ukurasa wa pili wa mbio za Desemba

Kuna hesabu mbili tofauti na watu huzichanganya. Orodha ya ubora wa dunia inatembea muda wote, haina mwanzo wala mwisho. Mbio za kwenda World Tour Finals huanza sifuri kila msimu, na zinahesabu pointi za ziara pekee. Hapa hakuna kinachotoka, kinaingia tu.

An Se-young alichukua dhahabu ya Olimpiki Paris tarehe 5 Agosti 2024. Ukurasa wa kwanza, ule wa orodha ya ubora: +13,000. Ukurasa wa pili, ule wa mbio za Desemba: hakuna kitu. Ila mwaka wa Olimpiki bingwa wake hutengewa nafasi kwenye Finals, na miaka mingine nafasi hiyo huwa ya bingwa wa dunia.

Wanaoingia ni wanane kwa kila aina, na nchi moja haiwezi kupeleka zaidi ya wawili. Wachina wakishika nafasi ya pili, ya tatu na ya tano, wa tano anabaki nyumbani na wa tisa anaingia. Kwa hiyo kuanzia Oktoba usihesabu nafasi nane tu, hesabu na bendera. Msimu wa 2024, kwa mchezaji aliyekuwa kati ya nafasi ya saba na ya kumi, Denmark Open na China Masters ziliweza kuwa muhimu kuliko All England.

## Hatua ya 7: Wiki ya Hangzhou

Mfumo hubadilika. Makundi mawili ya watu wanne, kila mmoja anacheza mechi tatu Jumatano hadi Ijumaa, wawili wa juu wanaingia nusu fainali Jumamosi. Kufungwa mechi moja si mwisho.

Andika seti na pointi za kila mechi, si mshindi tu. Wawili wakilingana kwa ushindi, huangaliwa nani alimfunga mwenzake. Watatu wakilingana, huangaliwa tofauti ya seti, kisha tofauti ya pointi. Ndipo seti aliyoipoteza mtu Jumatano kwa 21-8 badala ya 21-17 inapomtoa Ijumaa.

Mwaka 2024 Shi Yuqi alichukua taji la wanaume. Fainali ya wanawake ilikuwa ya Wachina wawili, Wang Zhiyi na Han Yue, na Wang akashinda. Kwenye mchanganyiko Zheng Siwei na Huang Yaqiong walifunga ukurasa wao pamoja kwa kombe.

Bingwa wa Finals hupata 12,000 kwenye orodha ya ubora, sawa na Super 1000. Ziingize kwenye ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili upige mstari, umekwisha. Halafu, kabla ya sikukuu, jaza safu ya “zinatoka” ya Malaysia Open na India Open kwa wachezaji wako wote. Malaysia Open huanza Januari bado changa, na ukingoja watu warudi kazini utakuwa umeshachelewa raundi ya kwanza.